Mwili Nao Una Haki Yake: Muislamu na Suala la Yoga

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, wazazi na wanafunzi, leo nataka tuzungumze jambo ambalo limenitenganisha na mzazi mmoja wa madrasa yetu hapa Nalufenya. Sitamtaja, na wala simlaumu. Alikuja kwangu baada ya Swala ya Alasiri, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akaniuliza: "Ustadhi, ni kweli unawafundisha watoto wetu dini ya Wahindi?"

Nilimkaribisha aketi, akakataa. Wiki ile ile akawatoa watoto wake wawili. Mpaka leo hawajarudi. Tukikutana msikitini tunapeana salamu, lakini kila mmoja anajua kuna neno limebaki katikati yetu. Neno lenyewe ni yoga.

Basi naomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mhukumu.

YALIYOTOKEA

Tulikuwa na kijana wa kidato cha nne, mwenye bidii, aliyehifadhi juzuu kadhaa. Mitihani ilipokaribia alianza kutetemeka mikono. Akisimama kusoma, Sura anazozijua tangu utotoni zinapotea. Usiku halali. Mama yake alidhani amerogwa. Wenzake walimcheka.

Nilichofanya ni hiki. Wavulana wa darasa lake niliwaambia walale chali juu ya mikeka, wafumbe macho, wapumue taratibu kwa dakika kumi, kisha tukaendelea na somo. Ustadha wetu alifanya hivyo hivyo na wasichana katika chumba chao. Hapakuwa na wimbo, wala sanamu, wala neno lolote la kutamka. Baada ya siku chache kijana yule aliniambia kuwa analala angalau mpaka adhana ya Alfajiri.

Kosa langu ni kwamba mtoto mmoja aliniuliza, "Ustadhi, hii inaitwaje?" Nikajibu kwa mzaha, "Wenye yoga wanaifanya hii." Neno likafika nyumbani kabla yangu. Nilipaswa kuwaita wazazi kwanza na kuwaeleza. Sikufanya hivyo, na kwa hilo naomba radhi hapa hadharani.

Ila naomba radhi kwa kutowaeleza wazazi tu. Kumlaza mtoto aliyechoka ili apumzike sioni kama ni kosa.

MIMI MWENYEWE NILIVYOJIFUNZA

Mnakumbuka shule zetu Uganda zilivyofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili! Na madrasa nazo zilinyamaza. Mwalimu anayeishi kwa ada ndogo za wazazi, wazazi wenyewe hawana kazi, atakula nini? Nilianza kuuza mkaa. Mchana nilikuwa nabeba magunia, usiku nalala macho wazi nikihesabu madeni. Kifua kilinibana. Moyo ulikuwa ukienda mbio hata nikiwa nimekaa.

Nilidhani ni sihri. Nikamwendea sheikh mmoja, akanisomea ruqya. Allah amlipe kheri, kwani baada ya kusoma aliniambia: "Sasa nenda ukapimwe." Nilipimwa, moyo ukaonekana mzima. Dada mmoja Muislamu, muuguzi, akaniambia kuwa mwili wangu umekaa kama askari wa zamu asiyepokelewa. Akanionyesha namna ya kulala chali, kukaza misuli na kuiachia, na kutoa pumzi polepole. Baadaye ndipo nilipojua kuwa jambo hilo lina ndugu yake katika yoga: ule mlalo wa mwisho wa somo, ambao kwa lugha yao ya Kisanskriti huitwa shavasana, yaani mkao wa maiti.

Na sisi wa Nalufenya tuna sababu zaidi ya kulijua jambo hili. Watu wa mbali wakisikia jina la mtaa wetu hukumbuka kituo cha polisi kilichotajwa sana magazetini, ambacho watu waliokuwa wamezuiliwa humo walisema mahakamani mwaka 2017 kuwa waliteswa, mpaka Aprili 2018 kilipoondolewa kazi ile na kurudishwa kuwa kituo cha kawaida. Wengi wa waliozuiliwa walikuwa Waislamu, na wana wake na watoto. Lakini hapa hapa pia ipo wodi ya watoto ya hospitali kuu ya Jinja, ambako mama hulala sakafuni wiki nzima akimuuguza mwanawe. Hofu na uchovu wa namna hii haviishi siku mtu anaporudi nyumbani. Hubaki mabegani, tumboni na katika usingizi. Ni nani anayewafundisha watu hawa kupumzika?

KWA NINI NENO HILI LINATUTISHA

Tuseme ukweli. Yoga asili yake ni India, na katika dini ya Kihindu ni njia ya ibada. Zipo nyimbo zinazotaja miungu, ipo mikao inayofanywa kwa kuliheshimu jua, yapo mafundisho kuhusu roho ambayo hayalingani na Tawhid. Hapa Jinja tumewaona Wahindi kwa zaidi ya miaka mia: waliojenga maduka na viwanda, waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na waliorudi baadaye. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa katika chanzo cha Nile hapa kwetu mwaka 1948. Hivyo mzee wa Jinja akisikia yoga, anaona hekalu. Si ajabu. Vijana nao wanaona wazungu wa kambi za watalii kando ya mto wakijinyoosha kwenye vitambaa vyao, na wanaona ni starehe ya wenye pesa.

Na si wazee wa Jinja tu. Mwaka 2004 Dar al-Ifta ya Misri ilitoa fatwa ya kuikataza. Novemba 2008 Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia nalo liliikataza, kwa hoja kwamba mazoezi yakichanganywa na ibada na maneno ya kutukuza miungu yanaweza kuharibu imani. Siku chache baadaye Waziri Mkuu wao, Abdullah Ahmad Badawi, alifafanua kuwa mazoezi ya mwili bila nyimbo zile hayakatazwi. Januari 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilipambanua waziwazi: yenye mantra na ibada ya Kihindu ni haramu, na iliyo mazoezi matupu ya viungo inaruhusiwa. Na Saudi Arabia, Novemba 2017, wizara ya biashara iliiorodhesha kuwa ni mchezo unaoweza kupewa leseni.

Mnaona? Maulamaa hawakusema neno moja. Lakini ukiwasoma vizuri, wote wana wasiwasi ule ule: aqida. Hakuna aliyesema kuwa kupumua taratibu ni dhambi. Nami nakubaliana na wasiwasi wao wote. Shirki haina kiasi kidogo.

WANAZUONI WETU HAWAKUOGOPA KUJUA

Miaka elfu moja iliyopita Abu Rayhan al-Biruni, mwanazuoni mkubwa kutoka Khwarazm, alijifunza Kisanskriti na akakitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga kinachonasibishwa na Patanjali. Kitabu chake kikubwa kuhusu India alikimaliza mwaka 1030. Hakuwa Mhindu kwa kusoma, wala hakuficha pale alipoona itikadi yao haipatani na ya Waislamu. Alitaka kujua kabla ya kusema.

Kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Aliwalaumu matabibu wanaotibu mwili peke yake, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua, kwa hofu, ghadhabu, huzuni na wasiwasi, na kwamba kimoja kikiugua kingine huumia nacho. Jambo ambalo leo tunaliona la kizungu, Muislamu aliliandika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Na Imam Ghazali, je? Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mashuhuri kuliko wote Baghdad. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi ulimi wake ulivyofungika akashindwa kufundisha, akashindwa hata kumeza chakula, matabibu wakakata tamaa wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Nani kati yetu atathubutu kumwambia Imam Ghazali kwamba imani yake ilikuwa dhaifu? Lakini hivyo ndivyo tunavyowaambia watoto wetu. "Huna imani." "Ongeza Swala." "Acha uvivu." Tunamuongezea mgonjwa ugonjwa wa pili, nao ni aibu.

MTUME (S.A.W.) NA MIILI YETU

Katika Sahih Bukhari kipo kisa cha Salman na Abu Darda (r.a.). Salman alimtembelea nduguye akamkuta mkewe amejiacha hajipambi, kwani mumewe anafunga mchana na kusimama usiku kucha. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, mpaka mwisho wa usiku ndipo wakasimama kuswali pamoja. Akamkumbusha haki za Mola wake, za nafsi yake na za watu wake. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.), alimsadikisha Salman.

Na tumefundishwa pia kuwa mwenye hasira akiwa amesimama akae, na ikiwa hasira haijaondoka, alale. Zingatia hapo, ndugu yangu! Kwa hali ya moyo, Mtume (s.a.w.) aliagiza hali ya mwili. Mwili ukishuka, moyo nao unashuka. Vilevile tuna qailula, usingizi mfupi wa mchana, ambao wengi wetu tumeuacha tukidhani ni uvivu.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema "Swala ndiyo yoga ya Muislamu". Wanakusudia kheri, lakini wanaishusha Swala. Tunaswali kwa sababu Allah ametuamrisha, si kwa sababu ya mgongo. Ukimwambia mtu Swala ni dawa ya mgongo, siku mgongo ukiendelea kuuma atadhani Swala imeshindwa. Moyo hupata utulivu wake kwa kumkumbuka Allah, hilo ni la Qur'ani na halina mjadala. Lakini mwenye utulivu huo huo anaweza kuumwa jino, na tunampeleka kwa daktari wa meno. Kwa nini mishipa ya fahamu iliyochoka tuifanyie hukumu nyingine?

FAIDA ZAKE NI ZIPI?

Mtu akiwa na hofu, mwili hutoa homoni za hatari: moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza. Hiyo ni neema, kwa sababu inakuwezesha kukimbia hatari. Tatizo ni pale hali hiyo inapokaa miezi. Upo mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kichwani kupita shingoni, kwenye moyo mpaka tumboni, ambao kazi yake mojawapo ni kuutuliza moyo. Unapotoa pumzi polepole, mshipa huo hufanya kazi zaidi na mapigo ya moyo hupungua. Jaribu sasa hivi ukishika mkono wako, utaona.

Daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, katika miaka ya 1920 alianzisha njia ya kukaza na kuachia misuli, kiungo baada ya kiungo. Mwaka 1975 Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kitabu kuonyesha kuwa mwili una namna yake ya kujibu utulivu, na kwamba watu wa dini mbalimbali wanaifikia. Na mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilitaja yoga na njia ya kulegeza misuli miongoni mwa mambo ya kujaribu kwanza, kabla ya dawa, kwa maumivu sugu ya mgongo. Hapa Afrika Mashariki, Africa Yoga Project ya Nairobi imewafundisha vijana wa mitaa ya maskini tangu 2007, na wengi wao wamekuwa walimu.

Lakini tusitie chumvi. Faida iliyoonekana kwa mgongo ni ya wastani, si muujiza. Haiponyi presha wala kisukari. Ukiwa na dawa, usiziache.

MASWALI MATATU KABLA YA KUINGIA

Mzazi au mwanafunzi akialikwa kwenye yoga, awe Jinja, Mbale au popote, namshauri ajiulize:

1. Kinatamkwa nini? Kikiwa ni wimbo au neno usilolijua maana, usilitamke. Ukiambiwa ni lazima, toka.

2. Kinakusudiwa nini? Ikiwa ni kunyoosha viungo na kupumzika, sawa. Ikiwa ni kuungana na nguvu fulani au kuliheshimu jua, hilo si letu.

3. Yuko nani, na mahali gani? Wanaume na wanawake wamechanganyika? Mavazi yanasitiri? Kuna sanamu mbele yenu? Dada zetu watafute mwalimu mwanamke na chumba cha peke yao.

Jibu lolote likikutia shaka, liache. Dakika kumi za nyumbani kwako zinatosha, wala huhitaji kuziita yoga.

NAMNA YA KUPUMZIKA NYUMBANI

Tandika mkeka, baada ya Adhuhuri au kabla ya kulala. Lala chali, miguu imeachana kidogo, mikono ubavuni. Anza na vidole vya miguu: vikaze kwa kuhesabu mpaka tano, kisha viachie kabisa. Panda hivyo hivyo: miguu, mapaja, tumbo, mikono, mabega, taya, paji la uso. Kisha vuta pumzi kwa puani ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, bila kujilazimisha. Fikra zikija ziache zipite, usigombane nazo. Baada ya dakika kumi geukia upande wa kulia, kisha inuka polepole.

Nasisitiza mambo mawili hapa. La kwanza, usiufanye huu kuwa uradi mpya. Ukitaka kumtaja Allah, mtaje kama tulivyofundishwa, lakini usifunge idadi fulani ya dhikri na pumzi fulani kisha ukawaambia watu ni sunna. Ibada haina nyongeza zetu. Hili ni zoezi, na libaki zoezi.

La pili, si kila mtu anapata raha akifumba macho. Aliyepitia mateso, ajali au vita anaweza kurudishiwa yote akiwa amelala gizani. Huyo akae kitini, macho wazi, mlango wazi, na asilazimishwe. Mjamzito asilale chali muda mrefu, alale ubavu. Na anayeona huzuni haimtoki, au anafikiria kujidhuru, hilo si la mkeka tena. Mpelekeni hospitali haraka, kama mngempeleka mwenye malaria kali. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zinahudumia maradhi ya akili kama yanavyohudumiwa mengine. Hakuna aibu.

NENO LA MWISHO

Wazazi wenzangu, watoto wetu wanabeba mizigo tusiyoiona. Wapo wa shule za msingi wanaolia usiku kwa kuogopa mtihani. Wapo wa Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale, walioacha shamba limeuzwa ili wasome, na hawathubutu kusema kuwa wamechoka. Wakitafuta utulivu na sisi tukawafungia mlango kwa kuogopa jina, watautafuta kwingine: kwenye waragi, kwenye mairungi, au kwa mwalimu wa yoga ambaye hatawauliza habari za Tawhid. Heri wajifunze kupumzika mbele yetu, tukiwalinda.

Na wewe mzee uliyewatoa watoto wako, ukisoma haya, mlango wa madrasa uko wazi. Njoo siku yoyote, kaa nyuma ya darasa, usikilize kila neno linalotamkwa. Ukisikia hata moja lisilo la dini yetu, nitalifuta zoezi hili mbele yako. Usiposikia, naomba uniletee vijana wangu. Mdogo alikuwa amebakiza kurasa mbili amalize Juzuu Amma.

Tunamuomba Allah (s.w.) azitulize nyoyo zetu, aiponye miili yetu na ailinde aqida ya watoto wetu. Yaliyo sahihi hapa ni kwa tawfiqi ya Allah, na makosa ni yangu mwenyewe.

Wallahu a'alam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.